Saa ya Lange 1 ya Glashütte: urithi wake ni wa mwaka 1845 au wa mwaka 1990?

#1 Mfuatiliaji

Salaam, wakuu. Kuna hoja ninayotaka ijadiliwe na watu wanaozifahamu saa za mitambo, kwa sababu kila ninapoisoma historia ya A. Lange & Söhne ninakwama palepale. Kampuni hii ya Glashütte, mji mdogo ulio bondeni kusini mwa Dresden, hujitambulisha kwa tarehe 7 Desemba 1845, siku ambayo Ferdinand Adolph Lange alifungua karakana yake. Karakana hiyo ilitaifishwa mwaka 1948, na kampuni haikuwapo tena hadi Walter Lange, kitukuu cha mwanzilishi, alipoisajili upya tarehe 7 Desemba 1990. Saa ninayoizungumzia, Lange 1, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika kasri la Dresden tarehe 24 Oktoba 1994.

Dai langu ni hili. Lange 1 ni saa bora kuliko saa zote za kuvalia suti zilizobuniwa karne iliyopita, lakini ni saa ya watu wa mwaka 1990, iliyotengenezwa kwa fedha za Uswisi, na ile miaka 145 iliyotangulia imeazimwa. Anayepinga anieleze urithi huo ulipita njia gani, maana fundi aliyekuwa na umri wa miaka 30 kampuni ilipochukuliwa alikuwa amekwisha kustaafu iliporudi.

#2 Kamani Kuukuu

Mfuatiliaji, umeanza kuhesabu katikati ya safari. Lange hakwenda Glashütte kwa sababu kulikuwa na mafundi wa saa, bali kwa sababu hawakuwapo. Mji ulikuwa maskini, migodi ya fedha ya milima ya Erzgebirge ilikuwa imekauka, na yeye akaiomba serikali ya Saksonia mkopo ili awafundishe kazi vijana wa pale. Alianza na wanafunzi 15. Aliachana na kipimo cha Kifaransa kilichotumiwa na watengeneza saa wa zama zake akahesabu kwa milimita, akawagawia mafundi kazi ili kila mmoja abobee katika sehemu yake, na waliohitimu akawahimiza waanzishe karakana zao wenyewe. Juu ya hayo akawa meya wa mji kwa miaka 18.

Mtu wa namna hiyo hakuacha kampuni tu, aliacha mji mzima unaojua kazi moja. Kampuni inaweza kufutwa kwa karatasi ya serikali. Mji haufutiki hivyo.

#3 Binti Michenzani

Kamani Kuukuu amenigusa, kwa sababu nyumbani kwetu kuna ushahidi wa jambo hilo. Baba yangu alikuwa miongoni mwa vijana wa Zanzibar waliopelekwa kusoma Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikitujengea majumba ya Kikwajuni. Alirudi na saa ya mkono iliyoandikwa Glashütte na Spezimatic usoni, na kwa herufi ndogo sana «26 Rubis», yaani vito 26, mawe madogo yanayobeba ncha za magurudumu. Kioo chake kimechunika ukingoni na mkanda umebadilishwa mara nyingi, lakini ukiitikisa kidogo unalisikia bamba la kujijaza likizunguka ndani, kisha akrabu ya nukta inaanza kutembea.

Saa hiyo ni ya GUB, kiwanda cha umma kilichoundwa mwaka 1951 kwa kuunganisha karakana za Glashütte, ya Lange ikiwa mojawapo. Kwa hiyo jibu langu kwa Mfuatiliaji ni kwamba urithi haukukatika hata siku moja, ila ulipita mikononi mwa wafanyakazi waliobaki. Na kama ni hivyo, mrithi halali ni Glashütte Original, kampuni iliyotokana na GUB, wala si Lange iliyorejea na jina.

#4 Nukta Moja

Binti Michenzani, hongera kwa kumbukumbu ya mzee. Lakini saa ya umma yenye mashine ya kawaida huwezi kuiweka meza moja na saa ambayo bamba lake la ndani ni la fedha tupu na nakshi zake zimechongwa kwa mkono. Pia tukumbuke kwamba karakana ya Lange iliteketea pamoja na Dresden katika mabomu ya Waingereza na Wamarekani ya Februari 1945, kwa hiyo hata hao wafanyakazi walirithi majivu.

#5 Mkazi wa Elbe

Ninaishi Dresden, kwa hiyo niruhusuni nisahihishe tarehe. Mabomu ya Februari 1945 yaliangukia Dresden. Glashütte ilipigwa tarehe 8 Mei 1945, siku ya mwisho kabisa ya vita barani Ulaya, na ndege zilizoipiga zilikuwa za Wasovyeti. Jengo kuu la uzalishaji la Lange liliharibiwa siku hiyo. Walter Lange alikuwa kijana wa miaka 20 aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka vitani akiwa na jeraha.

Kilichofuata ndicho kinachosahaulika zaidi: familia iliijenga upya na uzalishaji ukaanza tena. Kwa hiyo serikali haikuchukua majivu mwaka 1948, ilichukua karakana iliyokuwa ikifanya kazi. Kuna saa za mkono za miaka hiyo zilizoandikwa «Lange VEB», yaani jina la familia likiwa pamoja na kifupi cha kiwanda cha umma, na ziliendelea hadi kampuni zilipounganishwa mwaka 1951. Walter mwenyewe alikataa kujiunga na chama cha wafanyakazi cha serikali, akapangiwa kwenda migodi ya urani, akatorokea Pforzheim upande wa Magharibi.

#6 Fundi wa Makadara

Nami nisahihishe la bamba, ndugu Nukta Moja, kwa kuwa mimi ndiyo kazi yangu. Ile inayoitwa fedha ya Kijerumani haina fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Lange huitumia bila kuipaka kitu chochote, na baada ya miaka inageuka rangi ikawa ya manjano laini, kama samli. Ubaya wake ni kwamba haisamehi: ukiigusa kwa kidole chenye jasho alama inabaki, na bisibisi ikiteleza kidogo mkwaruzo haufutiki.

Ndiyo sababu kila saa yao huunganishwa mara mbili. Mara ya kwanza fundi anaiunganisha, anairekebisha mpaka majira yake yatulie, kisha anaifungua yote. Sehemu zinasafishwa, zinakamilishwa mapambo, na skrubu za kazi zinaondolewa na kuwekwa mpya za buluu zilizopata rangi hiyo kwa moto. Halafu inaunganishwa upya. Watengenezaji wengi hata wa saa ghali hawafanyi hivyo, kwa sababu ni kuitengeneza saa moja kwa mshahara wa kutengeneza saa mbili.

Bamba lenyewe ni la robo tatu, mtindo ambao Ferdinand Adolph aliukamilisha mwaka 1864. Badala ya madaraja madogo madogo yanayoshika gurudumu moja moja, bamba moja kubwa linafunika karibu mashine yote. Faida yake ni uimara. Taabu yake anaijua aliyewahi kulirudisha bamba la namna hiyo: ncha za magurudumu yote lazima ziingie kwenye vito vyake kwa wakati mmoja, na ukilazimisha hata kidogo unavunja ncha nyembamba kuliko unywele.

Nimewahi kuishika Lange 1 ya mteja aliyekuja likizo kutoka Ghuba. Sikuifungua, wala haikuhitajika, mgongo wake ni kioo. Vito vilivyoshikwa katika vikombe vya dhahabu, kila kikombe na skrubu zake za buluu, na daraja la balansi, gurudumu linalopiga majira, lenye maua yaliyochongwa kwa mkono. Wachongaji wao hutambuana kwa mkono, kwa hiyo hakuna saa mbili zenye maua yanayofanana kabisa. Niliikodolea macho mpaka mteja akaanza kuitazama saa yake kwa wasiwasi.

Kuhusu hoja ya uzi: nimefungua Spezimatic kadhaa, na ni mashine imara iliyofikiriwa vizuri na watu wanaoijua kazi. Hilo ninakubaliana na dada. Lakini bamba la robo tatu, vikombe vya dhahabu na nakshi hazimo. Mikono ilibaki, desturi ikalazwa.

#7 Binti Michenzani

Fundi, desturi iliyolazwa iliamshwa na nani, kama si mikono hiyo hiyo? Wafanyakazi wa kwanza wa Lange mpya walitoka GUB. Walter Lange alirudi na jina na ruhusa ya familia, lakini aliowakuta wameketi mbele ya meza za kazi ni hao mnaosema walitengeneza saa za kawaida.

#8 Abu Nasra

Salaam kutoka Maskati. Dada amesema kweli nusu. Wafanyakazi hao walipelekwa kwanza IWC, kampuni ya saa ya Schaffhausen, Uswisi, kujifunza viwango vipya, na mtu aliyelipanga hilo ni Günter Blümlein, ambaye hajatajwa mpaka sasa katika uzi huu. Blümlein alikuwa akiziongoza IWC na Jaeger-LeCoultre. Bila yeye, Walter Lange angekuwa mzee wa miaka 66 mwenye jina zuri na chumba kitupu.

Nimsahihishe pia mleta mada juu ya fedha za Uswisi. Kampuni iliyokuwa nyuma ya Blümlein mwaka 1990 ilikuwa VDO, watengenezaji wa Kijerumani wa vipima mwendo vya magari. Mwaka uliofuata VDO ikaingia mikononi mwa Mannesmann, Wajerumani vilevile. Uswisi ilikuja mwaka 2000, Vodafone ilipoimeza Mannesmann na saa zikauzwa kwa Richemont. Na Richemont, ingawa makao yake yako Uswisi, ilianzishwa na Johann Rupert wa Afrika Kusini. Ukifuata fedha, unapita Frankfurt, Düsseldorf, Geneva na Stellenbosch, na hakuna hata senti moja inayokwambia saa ile inatoka wapi.

#9 Mfuatiliaji

Abu Nasra, ninakushukuru kwa njia ya fedha. Lakini umeniongezea nguvu. Kama aliyewezesha ni Blümlein, mzaliwa wa Nuremberg asiye wa ukoo wala wa mji, basi hata hoja ya Kamani Kuukuu kuhusu mji inatikisika. Na ubunifu wenyewe wa Lange 1 haumo katika saa yoyote ya zamani ya nyumba hiyo. Saa za mfukoni za Lange zilikuwa na uso wa kawaida, akrabu katikati na duara dogo la nukta chini. Lange 1 imeusogeza muda upande wa kushoto, tarehe kubwa juu kulia, nukta chini kulia, kipimo cha nguvu iliyobaki kwenye kamani pembeni, na hakuna onyesho linalolalia jingine. Huo ni urithi wa nani?

#10 Mkazi wa Elbe

Urithi huo uko Dresden, ndani ya jumba la opera la Semper, na mtu akiketi ukumbini anauona juu ya jukwaa. Johann Christian Friedrich Gutkaes, fundi wa saa wa kifalme, alitengeneza saa yenye madirisha mawili kwa ajili ya jumba lililofunguliwa mwaka 1841: la kushoto linaonyesha saa kwa tarakimu za Kirumi, la kulia linaonyesha dakika na hubadilika kila baada ya dakika tano. Ferdinand Adolph alikuwa mwanafunzi wa Gutkaes, akafanya kazi naye, na mwaka 1842 akamwoa binti yake Antonia. Ile tarehe kubwa ya Lange 1, yenye madirisha mawili na fremu ya dhahabu, imetolewa hapo.

Na sasa ninaomba Mfuatiliaji asome polepole. Saa ya Gutkaes iliteketea jumba lilipoungua mwaka 1869. Jumba likajengwa upya na saa ikatengenezwa tena. Ya pili ikaangamia katika mabomu ya 1945. Jumba likafunguliwa tena Februari 1985, chini ya serikali ile ile iliyoitaifisha Lange, na saa ya madirisha mawili ikawa mahali pake. Hakuna mtu wa Dresden anayesema saa ile ni ya mwaka 1985.

#11 Nukta Moja

Hoja nzito. Lakini saa ya opera hailazimiki kumshawishi mtu atoe fedha za kununulia nyumba. Niulize jambo lililo karibu: kwa nini Lange za chuma ni adimu kiasi hiki? Katika mnada wa Geneva wa Mei 2018, saa moja tu ya chuma iliyotengenezwa kumkumbuka Walter Lange, aliyefariki Januari 2017, ilifika faranga za Uswisi 852,525. Zile za dhahabu za aina hiyo hiyo hazikukaribia bei hiyo.

#12 Kamani Kuukuu

Hiyo ilikuwa ya hisani, mapato yalikwenda kwa mfuko wa kusaidia watoto, na wanunuzi wa hisani hupandisha bei kwa moyo. Lakini hata bila hisani chuma chao ni adimu. Mimi ninaamini sababu ni desturi: saa ya kuvalia suti kwao ni dhahabu au platini, na saa yao ya kwanza ya chuma kutoka kwa mfululizo wa kawaida, Odysseus, haikutokea hadi mwaka 2019, tena ni ya michezo.

#13 Abu Nasra

Mimi ninaiona sababu nyingine. Kazi ya mkono inayoingia ndani ni ile ile, kasha liwe la chuma au la dhahabu. Wanatengeneza saa elfu chache tu kwa mwaka. Mwenye mikono michache atachagua kuifunika kazi hiyo kwa madini yanayomrudishia gharama. Huku Ghuba wauzaji hawakufichi jambo hilo.

#14 Fundi wa Makadara

Sababu zote mbili zinaweza kuishi pamoja. Ninachojua mimi ni kwamba hizo za dhahabu za kumkumbuka Walter zilihesabiwa kwa makusudi: 145 za dhahabu nyeupe kwa miaka kati ya 1845 na 1990, na 27 za dhahabu ya njano kwa miaka kati ya 1990 na 2017. Kwa hiyo kampuni yenyewe, katika hesabu yake, imezitenganisha zama mbili. Mfuatiliaji asichekelee sana.

#15 Mfuatiliaji

Sichekelei, ninashukuru. Hiyo hesabu ya Fundi ndiyo hoja yangu kwa tarakimu zao wenyewe. Na kama tunachukua urithi, tuuchukue wote. Wakati wa vita Lange ilikuwa miongoni mwa watengenezaji watano wa saa kubwa za waongoza ndege wa jeshi la anga la Hitler, zenye kipenyo cha milimita 55. Katika simulizi za kifahari sura hiyo hupitwa haraka. Saa ya mfukoni yenye picha ya Kaizari Wilhelm wa Pili, ambayo alimzawadia Sultan Abdulhamid mwaka 1898 alipozuru Istanbul, hutajwa mara nyingi zaidi.

#16 Mkazi wa Elbe

Ni kweli, na inafaa isemwe. Ila usiitumie kuukata uzi wa ukoo, maana mwenye kuurithi utukufu peke yake ndiye mwenye urithi wa bandia, na hapa wewe mwenyewe umeonyesha kwamba yote mawili yamebaki kwenye kumbukumbu za mji.

#17 Nukta Moja

Tukiwa bado kwenye mambo ya tarehe: kuna anayejua kwa nini Lange 1 kwenye picha zote za kampuni huonyesha 25? Mimi niliambiwa ni kwa uzuri wa tarakimu, kwamba 2 na 5 zinajaza madirisha vizuri.

#18 Abu Nasra

Maelezo ya kampuni ni kwamba saa zilionyeshwa tarehe 24 Oktoba 1994, lakini magazeti yenye picha yangetoka kesho yake, kwa hiyo wakaziweka tarehe 25 ili msomaji aione tarehe ya siku yake. Nasikia pia hayo ya uzuri wa tarakimu, na ukiitazama, hayana ubaya.

#19 Kamani Kuukuu

Nirudi kwenye mzizi. Tangu Februari 2022 Ujerumani ina kanuni inayolilinda jina la Glashütte: saa haiwezi kuandikwa jina hilo usoni ikiwa ni chini ya nusu ya thamani ya utengenezaji wake iliyofanyika pale. Kanuni haimuulizi mtu babu yake alikuwa nani wala mtaji umetoka wapi. Inauliza kazi imefanyika wapi. Serikali imekubaliana nami, Mfuatiliaji, nawe unabaki peke yako.

#20 Binti Michenzani

Mzee Kamani, kanuni hiyo inawalinda Glashütte Original sawasawa na Lange, kwa hiyo serikali imekubaliana na sisi sote wawili. Nami nikuulize Fundi, kwa kuwa umezifungua: hii Spezimatic ya baba inachelewa. Nimwachie fundi yeyote aisafishe?

#21 Fundi wa Makadara

Usimwachie yeyote, binti yangu. Mwambie fundi aifungue mbele yako, aangalie kwanza mafuta, kwa kuwa mara nyingi yamekauka tu na hakuna kilichovunjika. Asiuguse uso kwa maji wala dawa, maandishi ya zile saa hutoka kirahisi. Na asibadilishe akrabu hata akikuambia za zamani zimefifia. Vipuri vya Spezimatic bado vinapatikana Ujerumani kwa sababu zilitengenezwa kwa wingi, hapo kiwanda cha umma kilitusaidia.

Halafu niseme jambo moja kwa Mfuatiliaji. Mmejadili ukoo, mji, wafanyakazi, mtaji na sheria, na hamkuitaja shule. Moritz Grossmann, mmoja wa wale waliovutwa na Lange kuja Glashütte, aliianzisha shule ya saa ya Ujerumani pale mwaka 1878. Alfred Helwig, aliyekuwa mwalimu wa shule hiyo, mwaka 1920 aliunda turbiloni, yaani kizimba kinachozungusha balansi ili kupunguza makosa ya majira, iliyoshikwa upande mmoja tu, bila daraja la juu, ambayo leo inatumiwa hata na Waswisi. Kwangu mimi urithi ni mwalimu na mwanafunzi wamekaa kwenye meza moja.

#22 Mfuatiliaji

Fundi, hii ya shule ndiyo ya kwanza kunitikisa kidogo. Lakini Grossmann alikuwa na karakana yake mwenyewe na jina lake mwenyewe. Ikiwa shule ndiyo mzizi, basi Lange ni tawi moja kati ya matawi mengi, na haina haki ya kujiita shina.

#23 Mkazi wa Elbe

Jengo la shule hiyo ndilo makumbusho ya saa ya Ujerumani tangu mwaka 2008. Lange za mfukoni, saa za jeshi na Spezimatic zimewekwa chini ya paa moja, kila moja na kabati lake. Nitakwenda tena mwezi ujao na nitaangalia maelezo yao yanasema nini juu ya miaka ya 1948 hadi 1951, kisha nitayaleta hapa ili Mfuatiliaji na Binti Michenzani waendelee kutoka hapo.